"Sauti ya Juu" ni Ipi? Istilahi za Kupima Kadi ya Sauti

Katika Kiswahili cha kila siku, "sauti ya juu" huweza kuwa sauti kubwa au sauti nyembamba. Sokoni utata huo haumdhuru mtu. Lakini huko Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, anayerekodi Kiha kwa kompyuta hana budi kuuondoa. Kiha, kama jamaa zake Kirundi na Kinyarwanda, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti huweza kutofautisha maana za maneno. Maandishi yasiyo na alama za toni hayahifadhi jambo hilo. Rekodi huweza kulihifadhi, ikiwa safi.

Kwa hiyo twapendekeza "ukubwa wa sauti" kwa nguvu yake, ipimwayo kwa desibeli. Na "kidatu" kwa wembamba au unene wake, utegemeao idadi ya mitetemo kwa sekunde, ipimwayo kwa hezi.

Kadi ya sauti ni sehemu ya kompyuta igeuzayo umeme utokao katika maikrofoni kuwa tarakimu. Ili kuipima, tundu la kutolea sauti huunganishwa kwa waya na tundu la kuingizia. Sauti zilizokwisha kujulikana hupigwa na kurekodiwa papo hapo, kisha kilichoingia hulinganishwa na kilichotoka. Hapo hupatikana dhana tatu zisizopaswa kuchanganywa.

Kwanza ni "mwitiko": je, sauti zote, tangu hezi 20 hadi 20,000, zimepokewa kwa nguvu sawa? Pili ni "upotoshaji": ikipigwa sauti ya hezi 1,000 peke yake, je, zimezuka nyingine za hezi 2,000 au 3,000 ambazo hazikupelekwa? Tatu ni "kelele": ni nini kinachosikika wakati hakuna kilichopigwa? Rekodi ya biti 16 huweza, kwa nadharia, kutenganisha sauti kubwa kabisa na kelele kwa takriban desibeli 96; kadi nyingi hazifikii hapo.

Neno "kelele" lataka hadhari, kwa kuwa kwetu huleta picha ya makelele ya umati, ilhali hapa huwa hafifu mno. Kelele itokanayo na umeme twaonelea iitwe "mvumo". Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na mvumo wake hujitokeza pia katika hezi 100 na 150. Vidatu vya wanaume wengi wanapozungumza huwa karibu na hezi 100. Basi programu ifuatayo kidatu huweza kuupima umeme badala ya mzee anayesimulia. Kompyuta ya mkononi na ipimwe mara mbili: ikiwa imechomekwa katika umeme, kisha ikitumia betri. Mvumo ukitoweka mara ya pili, kasoro imo katika njia ya umeme, wala si lazima kadi ibadilishwe.

Ofisa aandikaye katika zabuni "kadi yenye sauti nzuri" atapewa kadi yoyote. Aandikaye mwitiko, upotoshaji na kelele, kila kimoja kwa kipimo chake, ataweza kuikataa ile isiyofaa.