Leza ya macho: Konea ikishapunguzwa haioti tena

KIJANA wa Mishomoroni ambaye nambari ya miwani yake ni 10 huanza siku kwa kupapasa kando ya mto. Bila miwani, chochote kilicho umbali wa zaidi ya sentimita 10 kutoka usoni mwake ni ukungu mtupu, hata sura ya mama yake mlangoni.

Miwani yenyewe ni mizito, hutelemka puani kwa jasho la pwani, na ikivunjika humlazimu kukaa nyumbani hadi nyingine itengenezwe. Si ajabu basi kwamba habari za upasuaji wa leza, unaochukua dakika chache kwa kila jicho, humvutia sana mtu wa aina hiyo.

Huduma hiyo hupatikana Nairobi, na wapo Wakenya wanaoifuata hadi India. Hata hivyo, mwenye nambari kubwa ndiye huambiwa mara kwa mara kwamba hafai, na wengi hurudi nyumbani bila kuelewa sababu. Sababu iko katika konea.

Konea ni kile kioo angavu cha mbele kinachofunika sehemu nyeusi ya jicho. Unene wake katikati ni kama mikroni 540, yaani nusu milimita na ushei. Haina mishipa ya damu, lakini imejaa neva, ndiyo maana chembe moja ya mchanga wa barabarani humtoa mtu machozi.

Kazi yake kubwa ni kupinda mwanga. Katika jicho la kawaida, konea peke yake hufanya kiasi cha thuluthi mbili za kazi hiyo, na nguvu yake hukaribia dayopta 43. Dayopta ndicho kipimo ambacho watu wa maduka ya miwani hukiita nambari.

Asiyeona mbali kwa kawaida ana jicho lililorefuka kupita kiasi. Jicho la mtu mzima huwa na urefu wa milimita 24 hivi, ilhali la mwenye nambari 10 laweza kufika milimita 27. Mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina, na picha huwa hafifu.

Leza haiwezi kulifupisha jicho. Inachofanya ni kuisawazisha konea katikati ili ipinde mwanga kwa kiasi kidogo. Miale ya eksima, ambayo ni ya urujuanimno na haionekani, huondoa tabaka nyembamba mno za nyama ya konea bila kuchoma sehemu za jirani. Katika mtindo uitwao LASIK, uliobuniwa na daktari Ioannis Pallikaris wa Ugiriki karibu na mwaka 1990, daktari hukata kwanza kifuniko chembamba juu ya konea, akakifunua kama jalada la kitabu, akaelekeza leza chini yake, kisha akakirudisha mahali pake.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Kwa eneo lenye upana wa milimita 6, kila dayopta moja hugharimu mikroni 12 hivi za konea, na mashine nyingine hula zaidi. Mwenye nambari 2 hupoteza mikroni 24. Mwenye nambari 10 hupoteza 120.

Kifuniko nacho huchukua mikroni 100 hadi 160 kutegemea kifaa, na sehemu hiyo haihesabiwi tena kuwa nguzo ya jicho, kwa kuwa hata ikishapona haishikamani na iliyo chini yake kwa nguvu ya awali. Zipo taarifa za vifuniko vilivyosogea miaka mingi baada ya upasuaji kwa sababu ya kidole au mpira uliogonga jicho.

Tuseme konea ina mikroni 540, kifuniko ni 110 na leza imeondoa 120. Chini hubaki 310, na hapo daktari aweza kukubali. Lakini ikiwa konea ya mgonjwa ni 500, kifuniko 160 na nambari ni 12, kinachobaki ni 196 tu. Kwa miaka mingi mpaka uliozingatiwa ni mikroni 250, na madaktari wengi siku hizi hawapendi kushuka chini ya 300.

Nyama hiyo ya kati, iitwayo stroma, haioti tena. Ngozi ya juu ya konea hujirudisha kwa siku chache ikichubuka, ila stroma iliyoondolewa imekwenda moja kwa moja.

Konea iliyokondeshwa mno huweza kushindwa kuhimili shinikizo la maji yaliyomo ndani ya jicho, ikaanza kutokeza mbele pole pole kama pembe. Daktari Theo Seiler na wenzake walieleza hali hiyo baada ya LASIK mwaka 1998. Huwapata wachache, chini ya mtu mmoja kati ya 100, lakini nambari kubwa, konea nyembamba na umri mdogo huongeza hatari.

Aliye katika hatari kubwa zaidi ni yule ambaye konea yake ilikuwa dhaifu tangu mwanzo bila yeye kujua. Maradhi ya keratokonasi, ambayo huifanya konea ichongoke yenyewe, huenda sambamba na mzio wa macho na tabia ya kuyafikicha. Mtoto anayefikicha macho kutwa kwa kuwashwa na vumbi anastahili kuonwa na daktari mapema, leza au hakuna leza. Ramani ya konea inayochorwa kwa mashine ndiyo hufichua kasoro hiyo, na kituo kisichoichora kabla ya kupanga upasuaji ni cha kuepukwa.

Konea iliyoanza kuchongoka huweza kuimarishwa kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, tiba iliyoanzia Dresden, Ujerumani. Tiba hiyo huzuia hali isizidi, lakini mara nyingi haiirejeshi konea ilivyokuwa.

Madhara mengine ni madogo, ingawa humkera mtu kila siku. Neva zilizokatwa hulifanya jicho kuwa kavu kwa miezi kadhaa. Konea iliyosawazishwa mno hutawanya mwanga usiku, na taa za magari katika Daraja la Nyali huonekana zimezungukwa na duara za nuru. Kwa dereva wa tuktuk anayefanya kazi hadi usiku, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo nambari ikipita 8 au 10, madaktari wengi huelekeza mgonjwa kwenye lenzi ndogo inayopachikwa ndani ya jicho, mbele ya lenzi ya asili. Konea huguswa kidogo tu, na lenzi hiyo huweza kutolewa ikihitajika, ingawa nayo ina hatari zake, zikiwemo mtoto wa jicho na kupanda kwa presha ya jicho.

Vyovyote itakavyokuwa, jicho hubaki refu na retina yake hubaki imevutika. Aliyefanyiwa leza na sasa haoni haja ya miwani bado aweza kubanduka retina. Akiona cheche za mwanga, madoa meusi yanayoelea kwa wingi ghafla au kivuli kama pazia, anapaswa kumwona daktari siku hiyo hiyo.

Vipimo vilivyochukuliwa kabla ya upasuaji navyo ni vya kutunzwa pamoja na hati za nyumba. Konea nyembamba hudanganya kipimo cha presha ya jicho, ikaonekana iko chini kuliko ilivyo. Na miaka 30 baadaye, mtu huyo akihitaji kutolewa mtoto wa jicho, daktari atakayekokotoa nguvu ya lenzi mpya bila kujua kwamba konea ilishapunguzwa huenda akapachika isiyofaa.