Mukono Unachelewa, Lakini Akili Inajua

Wazazi wapenzi, na ninyi vijana wa masomo, hakika mumekwisha kuona mutoto wa namna hii. Ukimuuliza kwa kinywa, anajibu vizuri kupita wenzake. Umupatie biki, mambo yanaharibika. Maandiko yanapanda na kushuka, mustari unapotea, na wakati wengine wanamaliza, yeye angali kwenye ulizo la pili. Nyumbani anamwanga maji, kufunga kamba za viatu kunamusumbua, mupira unamupita kati ya mikono. Akiwa na miaka 10, watu wanacheka. Akiwa na miaka 17, na mutihani wa Serikali unakaribia, hakuna tena wa kucheka.

Katika kartie anapewa majina. "Huyu iko muvivu tu!" "Kaye yake ni uchafu mutupu!" Wengine wanaenda mbali, wanasema ni bulozi. Hapana. Haiko bulozi, haiko uvivu.

Hii shida ni nini?

Inaitwa dispraksia. Mutoto anajua kitu anachotaka kufanya, lakini ubongo wake unapata taabu kupanga mwendo wa mikono, macho na miguu pamoja. Waganga wanahesabu kwamba kati ya watoto 100 wa masomo ya musingi, 5 ao 6 hivi wako nayo. Ni kusema, katika darasa la watoto 50, unaweza kupata wawili ao watatu. Fimbo haiiondoe. Mazoezi yanasaidia, lakini kwa wengi inabakia mpaka ukubwa.

Mutihani unapima nini?

Mutihani wa Serikali (Examen d'État) ulianza katika inchi yetu mwaka wa 1967. Kwanza kuna disertasio, kisha kunakuja siku 4 za maulizo yenye majibu ya kuchagua. Kwa kijana mwenye dispraksia, kila sehemu iko na mutego wake. Katika disertasio, mukono unachoka mbele ya mawazo kuisha. Katika maulizo ya kuchagua, jicho linaruka mustari, naye anatia alama ya ulizo la 12 mahali pa 13. Jibu alilijua, lakini karatasi inasema hakujua.

Mahali pengine wamepanga namna ya kusaidia. Katika Ufaransa, ambako sheria kubwa juu ya watu wenye ulemavu ilitoka mwaka wa 2005, mwanafunzi anaweza kupewa sehemu moja ya tatu ya wakati juu ya wakati wa wote: mutihani wa saa 3 unakuwa wa saa 4. Katika Uingereza, mara nyingi wanaongeza 25%. Wengine wanaruhusiwa kuandika kwa ordinateri, ao kusema majibu na mutu mwingine anaandika.

Lakini muangalie jambo hili: katika Uingereza, masomo yanapaswa kuonyesha kwamba musaada huo ndio mutoto anatumia siku zote darasani. Ni akili. Kijana asiyezoea kumwambia mutu maneno ya kuandika, siku ya mutihani atapotea. Basi musaada wa mutihani hauanze siku ya mutihani. Unaanza darasani, miaka miwili mbele.

Na sisi hapa?

Congo iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka wa 2015. Kisha tukapata sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda haki za mutu anayeishi na ulemavu. Lakini sheria haina miguu. Muzazi ndiye anapaswa kuitembeza.

Kwanza, kusanya ushuhuda. Mupatie mutoto maulizo 10 kwa kinywa, kisha mengine 10 ya nguvu ileile kwa maandishi. Andika alipata ngapi na alitumia dakika ngapi. Chunga kaye zake za zamani.

Pili, mupeleke kwa munganga. Apime macho na neva, kisha aandike karatasi inayosema wazi mutoto anashindwa kufanya nini.

Tatu, uone prefe mapema, kwa heshima, baba na mama pamoja kama inawezekana. Usiseme tu "mumusaidie." Uombe kitu chenye jina: dakika za kuongeza, kiti cha mbele, ao mwandishi. Uombe vilevile prefe apeleke ombi kwa inspekta kwa barua, na ubakie na kopi yenye kashe.

Ine, mazoezi. Aweke kipande cha karatasi chini ya mustari anaosoma. Kila juma aandike disertasio moja kwa saa iliyopimwa, akianza na mupango mufupi. Hata kama ombi litakataliwa, mazoezi haya hakuna atakayeyakataza.

"Haiko kukopia?"

Wengi wataogopa, kwa sababu tunajua kukopia na kununua pointi katika mitihani yetu. Kwa hiyo mwandishi asiwe ndugu ya mutoto, akae mbele ya mulinzi, na aandike tu neno lililotoka kinywani mwa mutoto. Usitoe franka kwa kificho. Ukifanya hivyo, haki ya mutoto inageuka kosa. Barua kwa Waroma iliandikwa kwa mukono wa Tertio, lakini hakuna anayesema mawazo yalikuwa ya Tertio.

Nawe kijana mwenye shida hii, usijifiche nyuma ya darasa. Uambie mwalimu wako: "Ninajua, lakini mukono wangu unachelewa. Niulize kwa kinywa, utaona." Sema hivyo sasa, mwaka ungali mwanzoni.