VIFAA VYA SAUTI VISIFUTWE KABLA YA KUCHUNGUZWA

Zipo ofisi chache, pamoja na vijana kadhaa wa visiwani, zilizoamua kutumia OpenBSD badala ya mifumo mashuhuri ya kuendeshea kompyuta. Mfumo huo, ulioanzishwa na Theo de Raadt huko Kanada mwaka 1995, hautozi ada ya leseni, na sifa yake kubwa ni usalama. Uamuzi huo hatuulaumu. Tunacholaumu ni desturi ya kukihukumu kila kipaza sauti cha USB kisichosikika kuwa kimeharibika, kukifuta katika daftari la mali, kisha kuagiza kingine kutoka Bara au ng'ambo, nacho kisubiri meli.

Fedha hizo ni za umma, na kifaa chenyewe yawezekana ni kizima.

Ipo sababu moja ambayo yapasa ijulikane na kila mtunza mitambo. OpenBSD hufunga kwa makusudi mlango wa kurekodi sauti. Programu ikiomba sauti ya kipaza haiambiwi kwamba imekatazwa. Hupewa ukimya mtupu. Msemaji atasema hata koo limkauke, na katika jalada hamtapatikana neno lake hata moja. Waliobuni utaratibu huu hawakukosea, kwani kipaza sauti kilichoachwa wazi katika chumba cha mkutano ni sikio la mtu asiyealikwa. Mwenye mamlaka ya juu katika mashine ndiye pekee awezaye kuufungua mlango huo, kwa amri ya sysctl kern.audio.record=1. Ili usijifunge tena mashine inapowashwa upya, maneno kern.audio.record=1 huandikwa katika jalada la /etc/sysctl.conf. Mkutano ukiisha, tungependa ufungwe.

Lakini asianze mtu kufungua milango kabla ya kujua kama mgeni amefika. Kifaa kikichomekwa, kiini cha mfumo huandika taarifa, nayo husomwa kwa amri ya dmesg. Likionekana jina uaudio0, na baada yake audio1, kifaa kimetambuliwa. Likionekana ugen0 peke yake, hakuna kiendeshi kilichokipokea, na amri tuliyoitaja haitafaa kitu. Kanuni za pamoja za sauti kwa njia ya USB zilitolewa mwaka 1998, zikafuatwa na toleo la pili mwaka 2006. OpenBSD ilianza kulielewa toleo hilo la pili mwaka 2019, katika toleo lake la 6.5, kwa hiyo mashine iliyoachwa miaka mingi bila kuhuishwa yaweza kushindwa kukitumia kifaa kipya kisicho na kosa lolote.

Kwa upande wa kusikiliza, shida huwa ndogo zaidi. Mhudumu wa sauti, aitwaye sndiod, huenda bado anaipeleka sauti kwenye kifaa cha ndani ya kompyuta. Amri ya sndioctl server.device=1 humhamishia kwenye kile cha USB.

Tunawaomba wakuu wa idara wasitie saini hati ya kufuta kifaa cha sauti mpaka iambatishwe karatasi ya dmesg, ikionyesha kifaa hicho kilipochomekwa kilipewa jina gani.