Lenzi Ndefu Haikufichi Kibokoni

Swali huja kwa sura ile ile: "Mwalimu, ninunue lenzi gani ya kuvuta mbali, nipige picha watu wa Mji wa Kale wa Mombasa bila wao kujua?" Huuliza kijana aliyenunua kamera juzi, huuliza mgeni wa Nairobi aliyeshuka na treni kwa likizo, na siku hizi huuliza hata watu walioshika kamera miaka mingi. Wengi wao wameshachagua kabla ya kuuliza: 70-300, au 55-250, kwa kuwa mwenye duka ameiuza pamoja na kamera kwa bei nafuu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi nalijibu hapa: usiinunue. Lenzi ndefu ina kazi zake. Ipeleke Tsavo, ipeleke uwanja wa mpira, ipeleke Mida Creek kwa ndege wa majini. Kwa mtu anayetembea Ndia Kuu alasiri akipiga picha za watu, haina kazi.

Tuanze na vipimo. Kamera nyingi za bei ya wastani zina sensa ndogo, ya upana wa milimita 22 hadi 24 hivi. Funga lenzi ya milimita 300, simamisha kamera wima, kisha jaribu kumwingiza mtu mzima kwenye picha kutoka kofia hadi makubadhi. Itakubidi usimame kama mita 25 hadi 27 kutoka kwake. Kwa 200 ni mita 17 au 18. Sasa nenda Kibokoni ukatafute mita 25 zilizonyooka na zisizo na kitu katikati. Vichochoro vile hupinda kabla hujafika huko, na pale visipopinda pana tuktuk, mkokoteni wa maji, pikipiki ya mtu anayekwenda msikitini na watoto wanaotoka chuoni. Utakachopata ni kichwa kilichokatwa sikio, na bega la mpita njia mbele yake.

Kisha mwanga. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupiga utosini. Paa linawaka, lakini chini, kati ya kuta za mawe ya matumbawe na roshani zinazochomoza pande zote mbili, ni kivuli kizito. Lenzi za kuvuta za bei ya kawaida, ukizifikisha mwisho wake, tundu lake huwa f/5.6. Lenzi ndogo ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Halafu 300 kwenye sensa ndogo hutaka kasi ya sehemu 1 kwa 500 ya sekunde, la sivyo mtikiso wa mkono unaharibu picha. Katika uchochoro wenye kivuli kizito, kasi hiyo na tundu hilo hukupeleka ISO 1600, na magharibi ikikaribia utapita 6400, sura za watu zijae chenga. Mwenye f/1.8 pale pale anapiga sehemu 1 kwa 250 kwa ISO 100. Na usiniambie lenzi yako ina kizuia mtikiso. Hicho hutuliza mkono wako, hakimsimamishi mtu anayetembea.

Nafika kwenye imani yenyewe, kwamba ukiwa mbali huonekani. Huonekani na nani? Mji wa Kale ni mtaa ambao wazee hukaa barazani wakiwatazama wanaopita, na mgeni hujulikana kabla hajafika kona ya pili. Mtu aliyesimama peke yake, jicho moja limefumbwa, bomba la urefu wa mkono limeelekezwa mlangoni kwa watu, anaonekana na mtaa mzima. Asiyemwona ni yule mmoja tu anayepigwa picha, na ataambiwa. Mara nyingi huyo ni mwanamke aliyevaa buibui aliyetoka kununua viungo, ambaye angeulizwa angekataa, na haki ya kukataa ni yake. Kila mara lenzi ya namna hii inapotumika hivyo, anayefuata na kamera hukuta milango imefungwa na nyuso zimegeuzwa. Sisi tunaofanya kazi hii hapa ndio tunaolipa.

Wapo wanaosema watu wa Mombasa hawapendi kamera. Si kweli. Studio ya N.V. Parekh ilipiga picha wakazi wa mji huu kwa miongo mingi, na zile picha zake za miaka ya 1960 zinazojulikana leo hata nje ya nchi zimejaa watu waliovaa wakapendeza, maharusi, marafiki, vijana waliojipanga watakavyo wenyewe. Walikwenda kwa miguu yao na wakalipa. Wanachokataa watu wa hapa ni kuibiwa sura.

Na sheria ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 sura ya mtu anayetambulika ni data yake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wewe unayepiga kwa ajili ya ukurasa wako wa biashara, hilo lakuhusu.

Imebaki hoja ya mwisho ya wapenda lenzi ndefu: kwamba lenzi fupi hunenepesha pua na kuharibu uso. Lenzi haifanyi hivyo. Umbali ndio unaofanya. Ncha ya pua iko kama sentimita 12 mbele ya masikio. Ukimsogelea mtu hadi sentimita 40, pua itatoka kubwa kwa asilimia 30 zaidi ya inavyostahili ikilinganishwa na masikio. Rudi nyuma hadi mita 2, tofauti inashuka hadi asilimia 6 na hakuna atakayeiona. Jaribu mwenyewe: simama mahali pamoja, piga uso kwa 18, piga tena kwa 55, kisha kata ile ya kwanza ilingane na ya pili. Uso ni ule ule.

Kwa hiyo chagua umbali kwanza, lenzi baadaye. Hapa umbali ni mita 2 hadi 3, umbali wa kusalimiana. Mtazame muuza kahawa anapomimina. Ukiwa mita 2 na lenzi pana kiasi, unapata dele na makaa chini yake, vikombe, mkono wa mzee unaopokea, baraza aliyokalia na ubavu wa mlango wa nakshi. Ukimvuta kwa 300 una pua na jasho.

Haya, nunua nini. Sensa ndogo: milimita 24, mtu mzima anaenea kutoka mita 2 na kidogo, Canon wana moja nyembamba ya f/2.8 inayoingia mfukoni. Wa Nikon wachukue 35 ya f/1.8, utasimama mita 3. Lenzi ya 50 f/1.8 ni rahisi kwa bei na nzuri kwa nusu mtu, ila kwa mtu mzima yataka mita 4 na nusu, na kichochoroni utagonga ukuta kwa mgongo. Sensa kubwa: 35, basi. Simu: kamera yake kuu yatosha, usisogee karibu sana na uso. Ukinunua lenzi iliyotumika, imulike kwa tochi kutoka nyuma, maana unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya vioo, na iliyoota iache hapo hapo dukani. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kwenye mfuko dakika kadhaa kabla ya kuifungua, isipate ukungu.

Na kabla hujatoa shilingi, chukua ile 18-55 iliyokuja na kamera, iweke kwenye 24, ifunge kwa utepe isizunguke, utembee nayo mwezi mzima. Sabalkheri kwanza, kamera baadaye. Shikamoo kwa wazee, na ukikatazwa, teremsha. Pesa uliyokuwa umeitengea 70-300, chapisha nayo picha uwapelekee wenyewe.