Kifafa cha Mto Kinachodhaniwa cha Ukoo

Magonjwa ya kurithi yanayoangamiza ubongo kidogo kidogo hufuata damu popote iendapo: katika ugonjwa wa Huntington, ambao jeni yake, yaani maagizo ya mwili yanayotoka kwa wazazi, iligunduliwa mwaka 1993, kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro hiyo ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi, awe Bunia au Brussels.

Kaskazini mwa Bunia, katika eneo la afya la Logo, teritwari ya Mahagi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kifafa nacho hushika nyumba moja na kuruka nyingine, hata ukoo ukalaumiwa na binti wa nyumba hiyo akakosa mchumba. Lakini ndugu hawashiriki damu tu. Hulima bonde moja na kuumwa na usubi, inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi na kuingiza mwilini minyoo ya onkoserka, ile ile inayopofusha macho. Huko Kamerun, katika bonde la mto Mbam, watoto waliopimwa vimelea hivyo ngozini mwanzoni mwa miaka ya 1990 walifuatiliwa hadi 2017, ikaonekana kwamba waliokuwa na vimelea vingi zaidi ndio waliopatwa zaidi na kifafa. Kaskazini mwa Uganda, ambako watoto walisinzia kichwa kwa kifafa cha namna hiyo, yaani kichwa kiliinama na kuinuka tena na tena huku akili ikidhoofika mwaka hadi mwaka, wagonjwa wapya karibu walikoma baada ya mwaka 2012, mito ilipotiwa dawa ya kuua viluwiluwi vya usubi na watu wakagawiwa Mectizan, dawa ya minyoo hiyo, mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana kwa kasoro ya jeni.

Mectizan huua vimelea vichanga, si minyoo mikubwa inayoishi miaka kumi na zaidi, kwa hiyo lazima irudiwe kila mwaka. Aliyekwisha kuugua huhitaji pia dawa ya kifafa, kama fenobabitali, kila siku bila kukatiza, kwa kuwa kuiacha ghafla huweza kuleta degedege lisilokoma. Tena anahitaji mikono ya jirani: wengi huungua kwa sababu waliowaona wakiangukia motoni waliogopa kuwagusa, ilhali mate ya mwenye kifafa hayaambukizi.