Unyevu ndani ya kuta: Tafiti za uzamivu zinavyofafanua tabia ya vihami joto vya mimea

Matumizi ya vifaa vya ujenzi vinavyotokana na mimea kwa ajili ya kuzuia joto au baridi kupenya ndani ya majengo yanazidi kupanuka katika nchi za Ulaya. Pamoja na mafanikio hayo, swali moja limeendelea kuulizwa na wahandisi, wamiliki wa nyumba na mamlaka zinazosimamia ujenzi: je, ukuta uliojazwa nyuzi za mbao, mabua ya ngano au karatasi zilizosagwa unaweza kubaki salama kwa miaka 50 bila kuoza?

Sehemu kubwa ya majibu imetokana na tafiti za shahada ya uzamivu zilizofanyika katika vyuo vikuu vya Denmark, Ujerumani na Ubelgiji tangu miaka ya 1990. Tafiti hizo zimebainisha kuwa unyevu kuingia katika kihami joto cha mimea si kasoro. Kasoro hutokea pale unyevu huo unapokosa njia ya kutoka.

Kihami joto hufanyaje kazi?

Kihami joto ni tabaka linalowekwa ndani ya ukuta, juu ya dari au chini ya paa ili kupunguza kasi ya joto kupita. Kinachofanya kazi hiyo hasa ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi, kwa kuwa hewa ya namna hiyo hupitisha joto kwa kiwango kidogo mno, takriban wati 0.025 kwa mita kwa kila nyuzijoto moja. Vihami vingi vya nyuzi za mbao na vya karatasi vina kiwango kinachokaribia 0.04.

Maji, kwa upande wake, hupitisha joto kwa kiwango cha takriban 0.6, yaani mara 24 ya hewa iliyotulia. Barafu hupitisha zaidi, takriban 2.2. Kwa hiyo, kila maji yanapochukua nafasi ya hewa ndani ya kihami, uwezo wa kihami hicho hushuka, na gharama ya kupasha joto au kupooza jengo hupanda.

Vihami vya mimea vimevutia watafiti kwa sababu mmea unapokua hufyonza hewa ya kabonidioksidi na kuihifadhi katika mwili wake. Aidha, malighafi yake mara nyingi ni mabaki ya shamba na ya viwanda vya mbao, au magazeti yaliyokwisha kusomwa.

Mmea haukatai maji

Tofauti kubwa kati ya kihami cha mimea na kihami cha sufi ya kioo iko katika uhusiano wake na mvuke. Nyuzi za kioo hazifyonzi mvuke ndani yake. Nyuzi za mmea huvuta molekuli za maji kutoka hewani na kuzishika katika kuta za chembehai zake, kisha huziachia hewa inapokuwa kavu.

Jambo hili si geni kwa mkulima. Punje ya mahindi iliyokaushwa vizuri, ikihifadhiwa mahali penye unyevu mwingi, huvuta unyevu upya hata bila kunyeshewa. Ndiyo maana kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kimeweka ukomo wa unyevu wa asilimia 13.5, kwa kuwa juu ya hapo hatari ya kuvu na sumukuvu huongezeka. Nyuzi za mbao na mabua hufuata kanuni hiyohiyo.

Katika mbao, kuta za chembehai hujaa maji unyevu unapofikia takriban asilimia 30 ya uzito mkavu. Kwa tahadhari, wataalamu hutaka mbao za jengo zisizidi asilimia 20, kwa sababu juu ya kiwango hicho kuvu waozeshao huanza kupata mazingira wanayoyahitaji. Ukungu wa juu juu huweza kuota mapema zaidi, pale hewa iliyogusana na kifaa inapokuwa na unyevu wa asilimia 80 au zaidi kwa muda mrefu.

Chumvi, mizani na subira

Utafiti wa aina hii huhitaji vifaa vya kawaida na muda mrefu. Mtafiti hukausha sampuli katika tanuri na kuipima uzito, kisha huiweka katika chombo kilichofungwa chenye mchanganyiko mzito wa chumvi na maji. Chumvi ya kawaida ya mezani hudumisha unyevu wa hewa wa takriban asilimia 75 ndani ya chombo, na chumvi ya magnesi kloridi hudumisha takriban asilimia 33. Sampuli hupimwa tena na tena hadi uzito wake usibadilike, kazi inayoweza kuchukua wiki kadhaa kwa kila hatua.

Vipimo hivyo huonesha jambo muhimu. Katika hewa yenye unyevu uleule, sampuli iliyokuwa mbichi na sasa inakauka hubaki na maji mengi kuliko ile iliyokuwa kavu na sasa inalowana. Kwa maneno mengine, hali ya leo ya ukuta hutegemea pia hali iliyoupata siku zilizopita.

Mwaka 1998, katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, Tim Padfield aliwasilisha tasnifu ya uzamivu kuhusu namna vifaa vya ujenzi vinavyofyonza mvuke vinavyoweza kutuliza mabadiliko ya unyevu ndani ya vyumba. Miaka michache baadaye, maabara za nchi za Nordiki zilikubaliana kuhusu njia moja ya kupima uwezo huo, iliyochapishwa mwaka 2005. Katika njia hiyo, sampuli huwekwa katika hewa ya asilimia 75 kwa saa 8, kisha katika hewa ya asilimia 33 kwa saa 16, mfano wa chumba kinachotumiwa na watu kwa sehemu ya siku.

Kifaa kinachopata alama 2 katika kipimo hicho huhesabiwa kuwa bora kabisa. Alama hiyo ina maana kwamba kila mita moja ya mraba huvuta takriban gramu 84 za maji katika saa 8 na kuzirudisha baadaye. Ukuta wa mita 10 za mraba, basi, huweza kupokea na kurudisha karibu lita moja kila siku bila tone kuonekana.

Hesabu iliyobadilisha mtazamo

Kwa miongo kadhaa, wasanifu walitegemea hesabu iliyochapishwa na Helmut Glaser mwishoni mwa miaka ya 1950, ambayo chimbuko lake lilikuwa kuta za maghala ya baridi. Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini inachukulia kuwa hali ya hewa haibadiliki na kwamba kifaa hakina uwezo wa kuhifadhi unyevu. Kwa kihami cha mimea, dhana hiyo huacha nje sifa yake kuu.

Mwaka 1994, Hartwig Künzel aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Stuttgart tasnifu iliyoweka njia ya kukokotoa safari ya joto na ya unyevu kwa pamoja, saa kwa saa, kwa kuzingatia mvua, jua na kiasi cha maji ambacho kifaa kimekwisha kukihifadhi. Njia hiyo ndiyo msingi wa programu ya kompyuta ya WUFI, inayotumika sasa katika nchi nyingi. Mwaka 2007, Ulaya ilitoa kiwango EN 15026 kinachoongoza ukokotoaji wa aina hiyo.

Mwaka 2008, Arnaud Evrard wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji, alikamilisha tasnifu kuhusu mchanganyiko wa chokaa na hempu, mmea wa jamii ya bangi unaolimwa kwa ajili ya nyuzi. Alichunguza namna joto na unyevu vinavyosafiri ndani ya mchanganyiko huo hali ya hewa inapobadilika.

Gharama ya ukuta usiokauka

Umuhimu wa elimu hii ulidhihirika katika jimbo la British Columbia, nchini Kanada. Majengo mengi ya makazi yaliyojengwa huko katika miaka ya 1980 na 1990 kwa fremu za mbao yalivuja maji ya mvua katika kuta, na maji hayo hayakupata pa kutokea. Mbao zilioza ndani ya lipu iliyoonekana nzima kwa nje. Mwaka 1998, serikali ya jimbo iliunda tume ya uchunguzi chini ya aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa jimbo hilo, Dave Barrett, huku wamiliki wengi wakibeba gharama kubwa za ukarabati.

Ingawa kihami kilichotumika sana katika majengo hayo kilikuwa sufi ya kioo, mifupa ya kuta ilikuwa mbao. Funzo lake linahusu kila ukuta wenye kitu kitokanacho na mimea: kuzuia maji yasiingie ni nusu ya kazi, na kuuachia ukuta nafasi ya kukauka ni nusu ya pili.

Pwani ya joto si nchi ya baridi

Matokeo ya Ulaya hayawezi kuhamishiwa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar bila marekebisho. Katika nchi za baridi, mvuke hutoka ndani ya nyumba yenye joto kuelekea nje, hivyo utando wa kuzuia mvuke huwekwa upande wa ndani. Katika pwani yenye joto, ndani ya jengo lenye kiyoyozi, mwelekeo huo hugeuka.

Hewa ya nje yenye nyuzijoto 30 za Selisiasi na unyevu wa asilimia 80 hubeba takriban gramu 24 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya chumba kilichopoozwa hadi nyuzijoto 22 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 19 hivi. Hewa ya nje ikipenya ukutani na kukutana na plastiki iliyopozwa upande wa ndani, tofauti hiyo hugeuka matone nyuma ya plastiki, mahali ambapo jicho halifiki. Utando uliolinda nyumba ya Stuttgart unaweza kuwa chanzo cha kuoza kwa jengo la pwani.

Kwenye paa nako kuna tahadhari yake. Usiku wa anga safi, mabati hupoa kuliko hewa iliyoyazunguka na kutokwa jasho kwa chini. Kihami kilichogusana na mabati hulowana, ilhali kilichoachiwa nafasi ya hewa hubaki kikavu. Vilevile, kihami cha karatasi mara nyingi huchanganywa na chumvi za boroni ili kukikinga dhidi ya moto na wadudu. Chumvi hizo huyeyuka katika maji, hivyo paa linalovuja kwa muda mrefu linaweza kupunguza kinga hiyo.

Mafundi wa pwani wameijua kanuni hii kwa vitendo. Paa la makuti hulowa mvua ya masika na kukauka, kwa kuwa upepo hupita kati ya makuti. Kinachoongezwa na tafiti za uzamivu ni vipimo vinavyowezesha kanuni hiyo kutumika katika kuta za kisasa.

Kwa msingi huo, mwananchi, mkandarasi au taasisi inayokusudia kutumia vihami vya mimea inapaswa kuomba majibu ya maswali matatu kabla ya kununua: kifaa hicho huvuta unyevu kiasi gani, mvuke utasafiri kuelekea upande gani katika hali ya hewa ya eneo husika, na maji yakiingia yatatoka kupitia wapi. Jengo lisilo na jibu la swali la tatu halifai kuanza kujengwa.