Nywele Zinazoua Ndama

Mkulima, ng'ombe wako wa gredi amezaa ndama jike mwenye nguvu. Siku ya pili ndama anahara maji ya rangi ya njano au nyeupe. Jioni macho yake yameingia ndani, mdomo wake ni wa baridi, wala hawezi kusimama. Asubuhi yake amekufa. Watu wengine husema ameshiba maziwa kupita kiasi, na wengine husema ametazamwa kwa jicho baya. Lakini sababu yake inajulikana, na ukiielewa utaweza kuwaokoa ndama wako. Yafaa ukumbuke kwamba ndama jike wa leo ndiye ng'ombe wa maziwa wa kesho.

Kijidudu chenye nywele

Ugonjwa huu wa siku za kwanza mara nyingi huletwa na kijidudu kiitwacho koli. Daktari Theodor Escherich wa Ujerumani alikieleza mwaka 1885, na jina lake Escherichia coli limetokana naye. Ni kidogo sana: koli 500 wakipangwa kichwa kwa mkia, urefu wao ni kama milimita moja tu. Koli wengi hukaa matumboni mwa watu na wanyama bila kudhuru. Wenye kuua ndama ni wa namna ya pekee, nao wana silaha mbili.

Silaha ya kwanza ni nywele. Mwili wote wa kijidudu umezungukwa na nywele nyembamba za protini, ambazo hazionekani ila kwa darubini ya elektroni. Nywele za koli wa ndama huitwa K99. Kazi yake ni kushika. Bila shaka umepita shambani penye majani ya kishona nguo, ukatoka na mbegu zake zimeng'ang'ania suruali. Koli naye hushika utumbo wa ndama namna hiyo. Utumbo husukuma chakula na maji daima kuelekea nyuma, na kijidudu kisicho na mshiko huchukuliwa na kutoka na mavi. Chenye nywele hubaki, kikazaana kwa mamilioni.

Silaha ya pili ni sumu. Vijidudu vikisha kushika, hutoa sumu inayoufanya utumbo kumwaga maji na chumvi za mwili. Ndama mwenye kilo 40 akipoteza lita 4 za maji, maisha yake yamo hatarini. Kwa hiyo kinachomwua hasa ni kukauka mwili.

Kwa nini ndama mchanga tu?

Ngozi ya ndani ya utumbo imefunikwa na minyororo midogo ya sukari, iliyofungwa juu ya mafuta na protini. Sukari hizo ni za namna nyingi, na kila aina ya nywele hutafuta sukari yake, kama vile ufunguo na kufuli lake. Sukari inayotafutwa na K99 ni nyingi katika utumbo wa ndama mchanga, nayo hupungua kadiri anavyokua. Ndiyo sababu koli hawa huua hasa katika siku 4 za kwanza. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza sukari hiyo, kwa hiyo nywele za K99 hazipati mahali pa kushika tumboni mwetu. Hata hivyo nawa mikono kwa sabuni kila umshikapo ndama anayehara, kwa maana kuna vijidudu vingine vya kuhara ambavyo huambukiza watu.

Nguruwe nao wana koli wao, wenye nywele ziitwazo K88. Mwaka 1975 wataalamu wa Uingereza walionyesha kwamba nguruwe wengine huzaliwa bila kufuli la nywele hizo, na koli hao hawawezi kushika matumbo yao.

Vijidudu vingine hujipaka sukari vyenyewe. Kampilobakta, anayekaa matumboni mwa kuku na kuwaharisha watu, hufunga minyororo ya sukari juu ya protini zake. Jambo hili lilitambuliwa mwaka 1999. Alipoondolewa uwezo huo, alishindwa kukaa vizuri katika matumbo ya vifaranga. Kwa hiyo ukichinja kuku, mpike mpaka nyama iive hata kwenye mfupa.

Maziwa ya kwanza ndiyo kinga

Ndama huzaliwa bila kinga katika damu yake, kwa kuwa kinga ya mama haipiti katika kondo la nyuma. Kinga hiyo imo katika dang'a, yaani maziwa mazito ya kwanza. Askari waliomo katika dang'a huzifunika nywele za koli, zisiweze kushika. Lakini utumbo wa ndama hupitisha kinga kuingia katika damu kwa muda wa saa 24 tu, na kila saa inayopita mlango huo unazidi kufungwa. Basi fanya hivi:

1. Mpe ndama wa kilo 40 lita 2 za dang'a kabla ya saa 2 kupita tangu azaliwe, na lita 2 nyingine kabla ya saa 12 kupita. Usitumaini tu kwamba atanyonya. Kama ni dhaifu, kamua umpe.

2. Endelea kumpa dang'a kwa siku 3 au 4. Hata kama haiingii tena katika damu, hukilinda kuta za utumbo dhidi ya nywele.

3. Osha chuchu za ng'ombe kabla ndama hajanyonya, kwa sababu kinyesi kilicho juu yake ndicho kitakachotangulia tumboni.

4. Ng'ombe azalie mahali pakavu na safi. Chovya kitovu cha ndama katika ayodini mara anapozaliwa.

5. Usiweke ndama mchanga pamoja na anayehara. Mhudumie mzima kwanza, na mgonjwa mwisho. Osha ndoo kwa maji moto na sabuni.

Iko pia chanjo iliyotengenezwa kwa nywele za K99. Hudungwa ng'ombe mwenye mimba kabla ya kuzaa, ili dang'a yake iwe na askari wengi. Mwulize afisa wa mifugo wa kwenu kama inapatikana. Lakini chanjo hii ni kazi bure ndama asipopata dang'a.

Ndama akianza kuhara

Usingoje kesho. Mpe maji yenye chumvi na glukosi, yaliyochanganywa kama pakiti ya dawa inavyoagiza: lita 2 asubuhi na lita 2 jioni, mbali na maziwa yake. Glukosi husaidia utumbo kupitisha chumvi, na maji hufuata chumvi. Usitumie sukari ya chai, kwa maana tumbo la ndama mchanga haliwezi kuivunja, na huenda ikazidisha kuhara. Wala usimnyime maziwa, kwa kuwa anahitaji nguvu.

Akishindwa kusimama au kunyonya, mwite daktari wa mifugo mara moja, kwani atahitaji maji ya mshipani. Usinunue dawa ya kuua vijidudu na kumpa kwa kubahatisha. Kuhara kunakoanza baada ya siku ya 5 mara nyingi ni kwa virusi au vimelea vingine ambavyo dawa hizo haziviui, na zikitumiwa ovyo koli huzizoea, zisifae tena siku ya haja.

Mkulima, huwezi kuziona nywele hizi kwa macho. Lakini ukiwa na ndoo safi, nyasi kavu za kulalia, na lita 4 za dang'a kwa wakati wake, umezinyima mahali pa kushika.